Mwalimu wa Timu Asihukumiwe kwa Uvumi

Katikati ya Novemba 2024, wakati ambapo wakulima wa pamba wa Zagayu, katika Mkoa wa Simiyu, hutazama mawingu na kutayarisha mbegu, ilikuwapo habari nyingine iliyoshindana na habari ya mvua. Habari hiyo ilimhusu mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la chama chochote cha ushirika cha wakulima: Miguel Gamondi, raia wa Argentina, mwalimu wa kandanda wa klabu ya Yanga. Wapo waliosema amekwisha kufukuzwa. Wapo waliosema bado, ila atakayeshika nafasi yake yuko njiani. Na washabiki wa Simba, kama ilivyo desturi, walisema mengi zaidi, tena kwa furaha isiyofichika.

Si ajabu hata kidogo kwamba mambo ya klabu ya Dar es Salaam yazungumzwe Zagayu. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba iliyoifuata mwaka 1936, zilikwisha kuacha kuwa mali ya mtaa wa Jangwani na mtaa wa Msimbazi. Ni klabu za wananchi. Mkulima anayeuza pamba yake na kutenga fedha za kumnunulia mwanawe jezi ni mwenye klabu sawa na yule akaaye jirani na jengo la makao makuu. Kwa hiyo mkulima huyo anastahili kuambiwa ukweli juu ya mambo ya klabu yake, naye hastahili kuachiwa uvumi peke yake.

Ni vyema kwanza kukumbuka yaliyotokea. Yanga ilianza Ligi Kuu ya msimu wa 2024/25 kwa kishindo, wala haikupoteza mchezo hata mmoja mpaka tarehe 2 Novemba, ilipofungwa na Azam bao 1 kwa 0. Siku tano baadaye ikafungwa na Tabora United mabao 3 kwa 1. Michezo miwili tu. Uvumi ukawaka kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Tarehe 15 Novemba ikatoka taarifa kwamba klabu na mwalimu wake wameachana, na papo hapo akatangazwa mrithi wake, Sead Ramovic, aliyetoka TS Galaxy ya Afrika Kusini.

Mwalimu aliyeondoka hakuwa mgeni katika ushindi. Katika msimu wake wa kwanza alitwaa ubingwa wa Ligi Kuu na Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Aliirudisha Yanga katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ambako klabu hiyo haikuwa imefika tangu mwaka 1998, akaivusha hadi robo fainali, na huko ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu. Na tarehe 5 Novemba 2023 ndiye aliyekuwa kwenye benchi Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1. Mabao hayo matano yalimwondoa mwalimu wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, ajulikanaye kama Robertinho, katika muda wa siku chache tu. Mwaka mmoja baadaye gurudumu lile lile likamkanyaga aliyeshangiliwa.

Swali la kujiuliza si kama klabu ina haki ya kumwondoa mwalimu. Haki hiyo inayo, wala hakuna mwenye akili timamu awezaye kuikana. Swali ni hili: mwalimu huyu alikuwa akipimwa kwa kipimo gani? Je, mwanachama wa kawaida alikifahamu kipimo hicho kabla ya msimu kuanza? Kama kipimo kilikuwa ubingwa, ligi ilikuwa mbichi kabisa. Kama kilikuwa Afrika, michezo ya makundi ilikuwa haijachezwa. Pale ambapo kipimo hakijulikani, kila mtu hujitengenezea chake. Na vipimo vya kujitengenezea vikikutana barazani ndipo uvumi unapozaliwa.

Watu wa Simiyu wanajua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Mkoa huo ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na mkulima wa pamba amekwisha kuujua uvumi na madhara yake. Msimu wa ununuzi ukifika na bei ikawa haijatangazwa, haichukui siku mbili kabla ya mtu kupita akinong'ona kwamba mwaka huu bei itaanguka. Mwenye shida ya ada au ya matibabu hushikwa na hofu, akauza kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Kisha bei halali hutangazwa, na aliyenong'ona ndiye aliyenufaika. Dawa ya ugonjwa huo imekuwa ni moja tu siku zote: bei itangazwe mapema, kwa sauti, mbele ya watu wote, na mizani iwekwe mahali ambapo kila mtu anaiona.

Uvumi wa kandanda nao una wanunuzi wake. Mwalimu akiyumba, wapo mawakala wenye walimu wengine mikononi, ambao nafasi ikiwa wazi hupata chao. Wapo wachezaji waliowekwa pembeni ambao hufurahia kusikia kwamba aliyewaweka pembeni anaondoka. Wapo wanaotafuta uongozi wa klabu, ambao kwao kila kipigo ni hoja ya uchaguzi. Na wapo waandishi wa habari, ambao kwao tetesi huuza kuliko taarifa ya mazoezi. Hao wote si lazima wawe watu wabaya. Lakini hakuna hata mmoja wao ambaye faida yake ni sawa na faida ya timu. Mshabiki anayeisambaza habari ya namna hiyo bila kuuliza imetoka kwa nani, anambebea mlanguzi gunia bila ya ujira.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kandanda ya Tanzania methali hiyo imegeuzwa kuwa njia ya utawala. Lisemwalo huja kwa sababu limesemwa. Uvumi hupita barazani, washabiki hukasirika, wachezaji huanza kumtazama mwalimu wao kama msafiri aliyekwisha kufunga mizigo, timu hucheza vibaya zaidi, na uongozi ukiona hivyo humwondoa mwalimu ili kutuliza hasira. Ndipo mwenye kuvumisha husema, "Si nilisema?"

Madhara yake hayaishii kwa anayeondoka. Ramovic aliyekuja kwa shangwe Novemba 2024 hakufika mbali; mapema Februari 2025, ligi ikiendelea, alikwenda zake CR Belouizdad ya Algeria. Simba nayo ilikwisha kuonja uchungu wa namna hiyo Januari 2021, pale Sven Vandenbroeck alipoondoka mara tu baada ya kuifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4 kwa 0 na kuingia hatua ya makundi ya Afrika. Ikaonja tena Septemba 2025, Fadlu Davids alipokwenda Raja Casablanca msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Washabiki waliwalaumu walimu hao kwa kukosa uaminifu. Lakini uaminifu hauwezi kudaiwa upande mmoja. Mwalimu anayejua kwamba michezo miwili inatosha kumtoa, naye atakuwa tayari kutoka kwa barua moja ya klabu nyingine. Nyumba isiyo na subira kwa mpangaji isitegemee mpangaji apande miti uani.

Hesabu yenyewe inatisha. Kuanzia Desemba 2019 hadi Julai 2024, Simba peke yake iliajiri walimu wakuu saba kutoka nchi za nje: Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Oliveira, Abdelhak Benchikha na Davids. Kila mmoja alikuja na mfumo wake, na wasaidizi wake, na orodha ya wachezaji anaowataka. Kila aliyeondoka aliacha wachezaji ambao mrithi wake hakuwachagua. Fedha zinazotumika kuvunja mikataba na kuandika mipya ni fedha za klabu, yaani fedha zinazotokana na viingilio, jezi na udhamini, ambao nao hutolewa kwa sababu ya wingi wa wananchi. Kwa lugha iliyo wazi, mkulima wa Zagayu anachangia nauli ya kila mwalimu anayekuja na ya kila anayeondoka.

Tena ushahidi kwamba subira hulipa haupo mbali. Upo Jangwani kwenyewe. Mtunisia Nasreddine Nabi alikabidhiwa Yanga Aprili 2021. Msimu ule ubingwa ukaenda kwa Simba. Julai 2021 akafungwa na Simba hao hao bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Kigoma. Septemba akatolewa na Rivers United ya Nigeria katika hatua za mwanzo kabisa za Ligi ya Mabingwa. Kwa kipimo cha Novemba 2024 mtu huyo alistahili kufukuzwa mara tatu. Hakufukuzwa. Msimu wa 2021/22 Yanga ikatwaa ubingwa bila ya kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Msimu uliofuata ikautwaa tena, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako USM Alger iliwazidi kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Timu ambayo Gamondi aliikuta mwaka 2023 na kushangiliwa nayo ilikuwa imejengwa katika msingi wa subira hiyo.

Kwingineko barani hali ni hiyo hiyo. Pitso Mosimane alipoichukua Mamelodi Sundowns mwishoni mwa mwaka 2012, timu ilikuwa katika hali mbaya katika ligi ya Afrika Kusini. Akaachwa afanye kazi. Mwaka 2014 akatwaa ubingwa, na mwaka 2016 akaipa klabu hiyo Kombe la Mabingwa wa Afrika. Uingereza nako, Alex Ferguson aliyeanza kazi Manchester United mwaka 1986 hakutwaa ubingwa wa ligi mpaka mwaka 1993, na kati ya miaka hiyo alivumishiwa kufukuzwa kiasi cha kumchosha mtu mwenye moyo mwepesi.

Watatokea watakaosema: Mbona baada ya Gamondi kuondoka Yanga ilitwaa ubingwa wa 2024/25 hata hivyo? Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu. Ni kweli ubingwa ulipatikana, tena chini ya mwalimu wa tatu wa msimu huo, Miloud Hamdi. Lakini klabu yenye wachezaji bora kuliko wenzake wengi nchini inaweza kushinda ligi ya nyumbani hata ikibadili nahodha wa chombo katikati ya bahari. Kipimo kikali zaidi kilikuwa Afrika, na huko Yanga iliyofika robo fainali mwaka uliotangulia ilikwama katika hatua ya makundi. Aidha, aliyeonekana amekwisha kazi hakuwa amekwisha. Gamondi alirudi nchini, akaifundisha Singida Black Stars, kisha Novemba 2025 akakabidhiwa Taifa Stars. Chini yake timu ya taifa ilivuka hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Morocco, jambo ambalo haikupata kulifanya tangu iliposhiriki kwa mara ya kwanza mjini Lagos mwaka 1980.

Hata hivyo furaha hiyo isifunike jambo jingine. Ili Gamondi apewe Taifa Stars, ilibidi Mtanzania Hemed Suleiman, ajulikanaye kama Morocco, akae kando. Huyo ndiye aliyekabidhiwa timu kwenye fainali za nchini Côte d'Ivoire Januari 2024, baada ya mwalimu Adel Amrouche kufungiwa na Shirikisho la Kandanda la Afrika. Ndiye aliyeifunga Guinea bao 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam Novemba 2024 na kuipatia nchi tiketi ya kwenda Morocco. Ndiye aliyeifikisha timu robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ndani mwezi Agosti 2025, ilipofungwa na Morocco bao moja. Wiki chache kabla ya fainali alizozifuzu mwenyewe, akaondolewa. Huenda uamuzi ulikuwa na sababu za kitaalamu. Kama ni hivyo, sababu hizo zielezwe kinaganaga, ili kijana Mtanzania anayesomea ualimu wa kandanda ajue ni kitu gani alichopungukiwa nacho mwenzake.

Simba nayo ina mfano wa namna hiyo. Septemba 2022, alipoondoka Maki, klabu ilimwita Juma Mgunda. Akaivusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaja Oliveira, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Aprili 2024, alipoondoka Benchikha, akaitwa tena kuzima moto. Msimu ulipokwisha, akaletwa mgeni mwingine. Mwalimu Mtanzania amekuwa kama ndoo ya mchanga iliyotundikwa ukutani: hukumbukwa nyumba ikiwaka, na moto ukizimika hurudishwa kwenye msumari wake. Taifa lililojifunza maana ya kujitegemea haliwezi kuridhika na hali hiyo. Si kwamba wageni wafungiwe mlango. Elimu haina mpaka, na Watanzania wengi wamejifunza kwa wageni hao. Lakini anayeaminiwa wakati wa shida anastahili kuaminiwa wakati wa neema, au angalau aambiwe waziwazi kwa nini haaminiwi.

Isidhaniwe pia kwamba kila mwalimu anastahili kuvumiliwa. Julai 2020 Yanga ilimfukuza Mbelgiji Luc Eymael baada ya kuwatolea washabiki maneno ya kibaguzi. Uamuzi ule ulikuwa wa haraka na sababu yake ilijulikana na kila mtu, kuanzia Jangwani hadi kijiji cha mwisho cha Simiyu. Hakuna aliyehitaji kuvumisha. Huo ndio mfano wa namna mambo yanavyopaswa kwenda: kosa linajulikana, hukumu inatolewa, sababu inasemwa.

Katika Usukuma kuna ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, zinazochezwa baada ya mavuno. Manju wa kila upande husimama uwanjani mchana kweupe, na umati ndio unaoamua kwa kumfuata mmoja na kumwacha mwingine. Aliyeachwa anajua ameachwa, anajua ameachwa kwa nini, na anakwenda kutunga nyimbo za msimu ujao. Kipimo ni kimoja, kinajulikana na wote, na kinafanya kazi mbele ya macho ya wote. Viongozi wa klabu kubwa wangefanya vyema kujifunza kwa wazee hao.

Yapo mambo yanayowezekana kufanywa bila ya kungoja msaada wa mtu. Kwanza, kila klabu itangaze mwanzoni mwa msimu ni nini inachomtaka mwalimu akitimize, na atapimwa lini. Pili, mwalimu anapofungwa michezo kadhaa, uongozi utoke na useme mojawapo ya maneno mawili: yupo, au hayupo. Kauli za kuzungukazunguka ndizo zinazorutubisha uvumi. Tatu, mkutano mkuu wa wanachama upewe hesabu ya gharama za kuvunja mikataba ya walimu, kama unavyopewa hesabu za mapato. Nne, vyombo vya habari vipime kabla ya kuchapa; kuwahi kutangaza jambo lisilokuwapo si sifa.

Na mshabiki naye ana wajibu. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, zilizorithiwa na Chama Cha Mapinduzi, ni ile ya kusema kweli daima na kuihesabu fitina kuwa ni mwiko. Ahadi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya siku za mikutano tu. Inamhusu pia mtu anayetoka katika viwanja vya Chama kama Kirumba mjini Mwanza na Kambarage mjini Shinyanga, akiwa amefungwa, amekasirika, na ana simu mkononi. Kukosoa mbinu za mwalimu ni haki yake. Kutunga barua ya kufukuzwa kwake ni fitina.

Mkulima wa Zagayu anayepanda pamba mvua za kwanza zinaponyesha haing'oi miche yake baada ya wiki mbili kwa sababu haijafunguka. Huipalilia, huipulizia dawa wadudu wakiingia, na mavuno yakifika huipima kwenye mizani. Ikiwa mbegu ilikuwa mbovu, msimu ujao hutafuta nyingine, na sababu yake huwaambia jirani zake. Mtu huyo ndiye mwenye klabu. Si haki kwamba klabu yake iendeshwe kwa busara iliyo chini ya ile anayoitumia yeye mwenyewe shambani.